Mafuta ya karanga bila neno "karanga": nani amethibitisha?

Katika masoko ya Goma, muuliza mafuta ya kupikia yametoka kwa nini hujibiwa kwamba ni mafuta tu. Kwa mama ambaye mtoto wake huvimba midomo na kukosa pumzi akila karanga, jibu hilo halitoshi.

Wenye viwanda wana hoja. Aleji huletwa na protini, na mafuta yaliyosafishwa kabisa kiwandani hubaki karibu bila protini. Hawasemi uongo. Sheria ya Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataja vyakula 14 vinavyopaswa kuandikwa, lakini inasamehe mafuta ya soya yaliyosafishwa kabisa. Ya karanga haiyasamehe. Marekani, kwa sheria yake ya 2004, inasamehe mafuta yote yaliyosafishwa sana, hata ya karanga. Kwa viungo vingine, kampuni lazima ipeleke ushahidi kwa serikali kwanza.

Tazameni basi: wakubwa wawili wenye maabara hawakubaliani juu ya chupa moja ya mafuta ya karanga. Na hapa kwetu mtu anajipa msamaha kwa mdomo!

Mafuta yanayokamuliwa kwa mashine ndogo mtaani hayajasafishwa namna hiyo. Protini inaweza kubaki ndani. Hata yale ya kiwandani, yakimiminwa kutoka bidoni kuingia chupa ndogo, maandishi yanabaki kwenye bidoni. Na ni nani hununua kwa chupa ndogo? Familia zilizokimbia vita, zisizo na pesa ya bidoni nzima.

Wengine watasema mwenye njaa hachagui. Kumbe ndiye anayeumia pande zote mbili: asipoonywa, mtoto anaweza kufa, akionywa bure, anaacha chakula ambacho kingemlisha. Kwa hiyo msamaha uwepo, lakini ufuate namna mafuta yalivyotengenezwa, si jina lake, na mwenye mali ndiye alete kipimo cha maabara. OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, iombe karatasi hiyo mpakani. Isipokuwepo, bidoni iandikwe "karanga" au "soya", kwa Kifaransa na Kiswahili, na anayemimina kwenye chupa aandike neno lile lile kwa mkono wake.