Sheria ya "Mshindi Anabaki" Iishie Bandani

Imani moja imeota mizizi vichwani mwa wapenzi wa gemu hapa kwetu: mchezo usio na wa kufunga na wa kufungwa si mchezo. Mwambie kijana wa Manzese au wa Majengo kwamba ziko gemu ambazo mnakaa wawili kwenye kochi moja, kila mtu na pedi yake, na hakuna anayemfunga mwenzake. Atakutazama kama uliyemwalika harusi isiyo na pilau. "Sasa raha iko wapi?" Mimi nasema imani hiyo ni potofu, tena ina madhara, maana ndiyo inayowafukuza watu sebuleni.

Tuiangalie ilikozaliwa. Banda la pleistesheni lina runinga chache, mabenchi na foleni ndefu. Mwenye banda anauza mechi. Vijana kumi wakiisubiri runinga moja, lazima iwepo kanuni ya kuamua nani ainuke, na kanuni nyepesi kuliko zote ni ile tunayoijua: mshindi anabaki, aliyefungwa analipa na kurudi mwisho wa foleni. Kwa biashara hakuna kanuni bora. Foleni inasogea, droo inajaa, na aliyefungwa anaondoka na uchungu wa kumrudisha kesho. Sina ugomvi na mwenye banda. Ugomvi wangu ni na sisi tulioibeba kanuni yake mpaka nyumbani, ambako hakuna foleni wala droo, tukaiita roho ya mchezo.

Angalia sikukuu inavyokwenda. Binamu wamejaa sebuleni. Mmoja wao amekulia bandani, na gemu ni FIFA (imebadilishwa jina tangu 2023, inaitwa EA Sports FC, lakini nenda kalitaje jina hilo mtaani uone). Huyo bwana anaishika pedi tangu adhuhuri. Wenzake wanaingia mmoja mmoja, wanachapwa sita bila, wanainuka. Mtoto mdogo anapewa pedi isiyounganishwa na kitu, abonyezebonyeze akidhani anacheza, ilimradi asilie. Wasichana walishahamia ukumbini. Shangazi hakuulizwa hata kwa heshima. Kisha jioni anatokea mtu mzima na hukumu yake: gemu si za wanawake, gemu si za watu wa makamo, gemu zinawatenga watoto na ndugu zao. Jamani! Mmeweka kanuni ya kumtoa asiyejua, imewatoa wasiojua, halafu lawama mnaitwisha mashine?

Gemu za kushirikiana zinakwenda kinyume kabisa, na hapa inabidi nitaje mfano, maana wengi wanaozibeza hawajazishika. Ipo Overcooked, iliyotoka 2016, kazi ya studio ndogo ya Uingereza inayoitwa Ghost Town Games. Mwaka uliofuata ilichukua tuzo mbili za BAFTA, mojawapo ikiwa ya gemu bora ya familia. Mnaweza kucheza hadi wanne. Mko jikoni: oda zinaingia, mmoja anakata vitunguu, mwingine yuko na sufuria, sahani chafu zinarundikana, na asiyeangalia jiko anawasha moto. Jiko lenyewe halitulii. Kuna hatua limegawanyika juu ya malori mawili yanayokimbia sambamba, mara yanakaribiana, mara yanaachana, nyanya ziko kwako na jiko liko kwa mwenzako. Huko ufundi wa bingwa wa bandani unaishia nusu ya njia. Vidole vyake vyepesi havimsaidii kitu kama aliye upande wa pili hajui anachosubiriwa. Tena mpe pedi shangazi aliyewahi kusimamia sufuria za shughuli. Vitufe vitamsumbua mwanzoni, hilo sikatai, lakini baada ya muda mfupi ndiye atakayekuwa anatoa amri: wewe kata, wewe osha, wewe usiguse chochote. Katika FIFA mama huyu asingefika dakika ya tano.

Au chukua It Takes Two ya mwaka 2021. Aliyeiongoza ni Josef Fares, mzaliwa wa Lebanon aliyekimbilia Sweden na familia yake akiwa mtoto, akawa mtengeneza filamu kabla ya kuingia kwenye gemu. Gemu hiyo haikutengenezewa mchezaji mmoja. Ni ya mke na mume walio mbioni kuachana, Cody na May, wanaojikuta wamegeuka wanasesere. Kila sura inawagawia vifaa tofauti. Mmoja ana misumari ya kurusha ukutani, mwenzake ana nyundo ya kuning'inia kwenye misumari hiyo, na bila msumari nyundo haina pa kushika. Mbele kidogo mmoja anamwaga utomvu na mwingine anaulipua kwa kiberiti. Aliyezidiwa ufundi hawezi kuachwa nyuma, kwa sababu mlango unaofuata haufunguki bila yeye. Desemba ya mwaka huo ilitangazwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na hadi sasa nakala zaidi ya milioni 20 zimeuzwa. Milioni 20 za gemu isiyo na wa kufungwa!

Najua jibu linalokuja: hayo ni mambo ya watoto, hayana presha. Anayesema hivyo ama hakucheza gemu ya Contra na mwenzake, ama ameisahau. Wengi wetu tuliijulia kwenye zile mashine za kaseti zilizoiga Famicom, mashine ambayo Nintendo waliiuza tangu 1983 ikiwa na pedi mbili zilizofungwa moja kwa moja. Kwenye hatua ya Contra yenye maporomoko ya maji, ukipanda haraka mno skrini inapanda nawe, na mwenzako aliyebaki chini anakufa kwa papara yako. Akimaliza maisha yake, anaruhusiwa kuchota kwenye ya kwako. Niambieni ni fainali gani ya bandani iliyozua kelele kuliko za ndugu wawili wanaogombea uhai wa mwisho. Kushirikiana hakufuti ugomvi, na sitamdanganya mtu kwamba Overcooked inaleta amani nyumbani. Lakini ugomvi huo unahusu kazi mnayoifanya pamoja, na ukiisha wote bado mmeshika pedi.

Wengine hukimbilia asili: Mswahili anapenda kushindana. Sawa, bao ni la wawili na hamna huruma humo. Ila nenda barazani ukaangalie wanaocheza dhumna au karata za wahedi wa sitini wakiwa wanne. Wamekaa wawili wawili, kila mtu akimsoma mwenza wake usoni, na matusi makali kuliko yote anatukanwa mwenza aliyetupa karata ya kipumbavu, mpinzani hata hatajwi. Kucheza kwa ajili ya mtu aliye upande wako tulikujua kabla runinga haijaingia nyumbani.

Wapo pia wauzaji waliotaka tusahau. Gemu ya vita ya Halo, ile ya 2001, ilijulikana kwa watu wawili kuigawana skrini moja na kupita vita vyote pamoja. Halo 5 ya 2015 ikaliondoa hilo: unataka mwenzako, naye anunue mashine na nakala yake. Wachezaji walilalamika, wakaahidiwa litarudi. Ikaja Halo Infinite mwaka 2021, na Septemba 2022 ikatangazwa kwamba ushirikiano wa kochi moja umefutwa. Mashine nyingi zenyewe zinafika zikiwa na pedi moja tu ndani ya boksi, na pedi ya pili ina bei ya kumkunja mtu uso. Basi anayelalamika kwamba gemu zinatenga watu aanzie hapo.

Na kama pesa ya gemu mpya haipo, hiyo hiyo FIFA inatosha. Kwenye ukurasa wa kuchagua timu, pedi zote mbili zisukumwe upande mmoja, mpinzani aachiwe kompyuta. Mpangieni bingwa wa bandani pamoja na yule mtoto mdogo, safari hii pedi yake iwe imeunganishwa. Tutajua kabla ya mapumziko kwamba bingwa wetu, miaka yote hii, hajui kutoa pasi.