Kipande Mkononi, Hofu Moyoni

Hakuna mcha Mungu anayemtetea muuaji. Watu 67 walipouawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, Kenya nzima ililia, na Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ukalia pia. Basi anayekemea misako ya mitaa mizima asiambiwe kwamba anawaonea huruma magaidi. Anawaonea huruma majirani zake.

Aprili 2014, baada ya mabomu kuua watu sita Eastleigh, ilianza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Vizuizi viliwekwa barabarani, milango ikagongwa usiku wa manane. Zaidi ya watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na mamia wakarundikwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vipande vya utambulisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wengi walikaa siku kadhaa bila kumwona hakimu. Mwenye kitu kidogo aliachiwa palepale kwenye kona. Asiyekuwa nacho alipandishwa karandinga.

Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga, na mhalifu mwenye fedha anaijua methali hiyo kuliko mama muuza chai. Ndiyo maana wavu ule ulinasa wanyonge, na haukuwazuia wauaji. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa.

Wapo wanaojibu kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hekima hiyo ni ya tenga la samaki. Wana wa Adamu kila mmoja hubeba mzigo wake mwenyewe. Nairobi yenyewe iliwahi kuonja dhuluma hii: tarehe 24 Aprili 1954 wakoloni waliuzingira mji kwa Operesheni Anvil, wakawachuja maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wajukuu wa waliochujwa wanawezaje kunyamaza jirani Msomali anapofanyiwa vivyo hivyo?

Askari waadilifu wapo, tena wengi. Wawili walikufa Aprili hiyohiyo ya 2014, gari lilipolipuka nje ya kituo cha polisi cha Pangani. Kazi yao inastahili heshima, na inahitaji masikio mtaani: mlinzi wa jengo, mwenye nyumba, imamu anayewafahamu waumini wake. Lakini nani atamnong'oneza siri askari aliyemtoza jana? Mkubwa wa kituo anayetaka habari na awazuie vijana wake wasiguse mifuko ya watu.

Na kuna jambo linalochoma zaidi. Serikali ileile inayodai kipande ndiyo iliyomzungusha kijana wa Wajir au Mandera miaka na miaka, mbele ya kamati za uhakiki zilizomtaka athibitishe ukoo wake, wakati mwenzake wa Nyeri hakuulizwa. Kisha akakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa kosa la kutokuwa na kipande! Februari 2025 Rais alitangaza kufuta uhakiki huo kaunti za mpakani. Makarani wa usajili na wautekeleze uamuzi huo leo, wasiurudishe uhakiki kwa mlango wa nyuma, wala wasimwambie mtoto wa mfugaji aje kesho.