Darasa la Kuokoa Roho Lisifungwe, Bali Lilindwe



Wiki hizi kamati yetu ya msikiti imeulizwa na wazazi wengi: je, darasa la kukandamiza kifua na kupuliza pumzi liahirishwe hadi korona iishe? Swali ni la haki. Somo hilo huwasogeza watu karibu, huwafanya watweta juu ya mwanasesere mmoja wa mafunzo, na mara nyingine humwekea midomo. Maradhi yanaposafiri kwa pumzi, hofu ya mzazi si upungufu wa imani.

Lakini moyo hausubiri janga lipite. Ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na kila dakika isiyo na msaada hupunguza matumaini ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Tena wengi huanguka nyumbani, mbele ya mke, mtoto au ndugu. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na hutuwajibisha pande mbili: tusimwache anayekufa, wala tusimwambukize aliyekuja kujifunza.

Kwa hiyo tumeona darasa liendelee, kwa masharti haya.

Kwanza, makundi yawe madogo, wanafunzi wakae mita 2 baina yao, uani kivulini au penye madirisha wazi, na kila mmoja avae barakoa. Mwenye homa au kikohozi, au anayeuguza nyumbani, asije, wala asione haya. Nafasi yake itahifadhiwa.

Pili, kila mwanafunzi awe na mwanasesere wake. Wasipotosha, mto mgumu wa kukalia unafaa kujifunzia mahali pa mikono na mwendo wa kukandamiza.

Tatu, ikilazimu kupokezana, uso na kifua cha mwanasesere vifutwe kwa spiriti ya asilimia 70, viachwe vibichi kwa dakika moja, kisha vikauke. Mikono ioshwe kabla na baada. Glavu haziondoi wajibu huo.

Nne, asiwepo wa kumwekea mwanasesere midomo. Mwalimu aonyeshe kwa kifaa chake mwenyewe, na wanafunzi waigize tu.

Na siku ya dharura yenyewe? Mtu mzima akianguka, haitiki wala hapumui kama kawaida, mmoja aombe msaada kwa simu. Kifua kitazamwe kama kinapanda, bila kumsogezea sikio mdomoni. Pua na mdomo wake vifunikwe kwa mtandio au kitambaa, kisha kisigino cha kiganja kiwekwe katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, na kukandamizwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike.

Mtoto, na aliyezama majini, hali yao ni nyingine: kwa kawaida ni pumzi iliyotangulia kukatika, ndipo moyo ukafuata. Hao huhitaji kupuliziwa, mipulizo 2 baada ya kila mikandamizo 30. Mama anayelala chumba kimoja na mwanawe amekwisha kushiriki naye hewa, asisite.

Tumeulizwa pia juu ya asiye maharimu. Darasa la akina mama litafundishwa na dada, upande wao. Ama roho inapokuwa hatarini, kanuni ya mafakihi iko wazi: dharura huhalalisha kilichozuiwa, kwa kadiri ya haja. Kijana asimwache mama wa jirani afe kwa kuona haya.

Majina yataandikwa baada ya swala ya Ijumaa. Tunaomba kila nyumba itoe angalau mtu mmoja, naye akirudi awafundishe wazee wake kwa mto, wao wakiwa wamekaa mbali naye kidogo.

Wabillahi tawfiq.