Rubani na Afundishwe Chini Kwanza

Wako wasemao kwamba kuruka hakuwezi kufundishwa chini. Sisi twaona wamekosa. Rubani aingiapo winguni haoni mbingu wala ardhi, na maji yaliyo ndani ya sikio, ambayo kwayo mtu hujua kuinama kwake, humdanganya: eropleni yazunguka ikishuka, naye adhani yaenda sawasawa. Hana budi kuvisadiki vipimo vilivyo mbele yake na kuukataa ushahidi wa mwili wake, na jambo gumu kama hilo halifai kuanzwa mtu akiwa juu.

Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, Marekani, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alifanya eropleni ndogo isiyoruka, yenye kuinamishwa kwa mivukuto ya vinanda. Ikauzwa kwenye viwanja vya michezo! Jeshi la nchi yake halikuinunua hata mwaka 1934, marubani walipopewa kazi ya kuchukua barua wakati wa baridi kali, wengi wao hawajazoea kuruka kwa vipimo, na zaidi ya 10 wakafa. Ndipo zikanunuliwa 6.

Kwa hiyo twaomba saa za mafunzo ya chini zisiwe za kwanza kukatwa fedha zipungukapo.