TAHARIRI: Kabla ya kupatana nauli ya mzigo, uliza breki

Mfanyabiashara anayepeleka viazi, karoti au kabichi kutoka Musanze na Nyabihu hadi mpaka wa Gisenyi na Goma anajua mambo mengi kabla jua halijachomoza. Anajua bei ya gunia, anajua dola imepanda au imeshuka, anajua saa ambayo foleni ya Petite Barrière huwa fupi. Jambo ambalo wengi wetu hatuulizi ni hali ya gari lililobeba mali hiyo. Hilo tunamwachia dereva. Tunasema desturi hiyo ikome.

Barabara ya kutoka Kigali hupita Musanze, hupanda Mukamira na Bigogwe kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka hadi Ziwa Kivu lililo kwenye mita 1,460 hivi. Na huko chini hakuna uwanja mtupu. Kuna mji, kuna hospitali, kuna kina mama wenye mizigo kichwani, na kuna ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Zaidi ya mara moja malori yamekatikiwa breki katika mteremko huo. Lori likikosa breki, anayekuwa mbele yake mara nyingi ni mchuuzi mwenzetu.

Breki haifi kwa bahati mbaya. Kila dereva anapokanyaga, mwendo hugeuka kuwa joto. Akikanyaga mfululizo mlima mzima, pedi na ngoma hupata moto hadi zinashindwa kushika. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu kadiri yanavyozeeka. Yakipata moto, unyevu huo huchemka, mapovu hujaa kwenye mabomba, na pedali huzama chini bila gari kusimama. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua.

Dereva mzuri huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, aghalabu gia ileile ambayo angepandia mlima huo, na kuiacha injini ishike gari. Akihitaji breki, hukanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha huachia ipoe. Kuweka gia huru au kuzima injini ili kuokoa mafuta ni kucheza na roho za watu. Injini ikizimika, breki na usukani huwa vizito. Tena katika magari mengi ya kisasa hakuna kinachookolewa, kwa kuwa gari likiwa kwenye gia na dereva akiachia pedali, injini hukata mafuta yenyewe.

Matairi nayo yatazamwe. Mawe ya volkano ya upande wa Goma hukata ubavu wa tairi, na kidonda kikiwa katikati ya matairi mawili ya nyuma hakionekani mpaka mtu ainame. Kwenye ubavu huo pia kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hata kama lina meno mazuri, limeshazeeka. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na uendane na mzigo.

Kwa wanaotoka mbali zaidi kuna la ziada. Jumuiya yetu ni moja, lakini barabara zake zina pande mbili. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Mwenye gari la usukani wa kulia akiwa Rwanda haoni vizuri kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Basi akae nyuma kwa umbali mkubwa, na asimtegemee utingo amchungulie. Taa zake pia ziangaliwe na fundi, kwa sababu taa zilizotengenezwa kwa barabara ya kushoto humpiga machoni anayekuja mbele.

Kwa nini tunamwambia haya mfanyabiashara badala ya dereva? Kwa sababu ni sisi tunaosema, "Ongeza magunia kumi, gari litabeba." Ni sisi tunaopiga simu kila nusu saa tukitaka mzigo ufike kabla mpaka haujafungwa. Ni sisi tunaombana mwenye gari kwenye nauli mpaka haibaki faranga ya kununulia pedi. Pedi zisipobadilishwa, gharama haikuondoka. Imehamishiwa kwa mtu anayevuka barabara kule chini.

Polisi ya Rwanda inaendesha kampeni ya Gerayo Amahoro tangu 2019, yaani mfike kwa amani. Hata hivyo, ukaguzi wa serikali hauwezi kuwepo kila alfajiri penye kila gari linalopakia. Vyama vya wafanyabiashara na vya madereva vinaweza kupatana masharti machache: gari lisipakiwe kabla mwenye mzigo hajaonyeshwa cheti cha ukaguzi kisichopitwa na muda, uzito usizidi ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari, na kila gari lenye mzigo lisimame kwa dakika kumi mahali salama kabla ya mteremko, breki zipoe na dereva akague matairi. Mamlaka za pande zote mbili za mpaka nazo zitambue kwamba gari linaweza kuwa na karatasi kamili huku breki zake ni mbovu.

Dakika kumi hizo hazitaozesha kabichi. Mfanyabiashara anayezikataa anapaswa kujiuliza ni nani atakayezilipa.