“Loi Obama” ambayo Kivu haikuisikia

Ukitaja “Loi Obama” katika machimbo ya Walikale, Shabunda ao Masisi, kila mtu anajua unazungumzia nini: sheria ya Wamarekani juu ya koltani, kasiterite, wolfram na dhahabu, ile iliyofanya wanunuzi wakimbie na bei ianguke. Watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa minerval wakati ule leo ni watu wazima, na jina hilo bado linatajwa kwa uchungu.

Barack Obama hakuiandika sheria hiyo. Aliitia sahihi akiwa rais, tarehe 21 Julai 2010, ndani ya kitabu kinene cha sheria juu ya mabenki kinachoitwa Dodd-Frank. Kifungu cha 1502, kinachogusa madini ya Congo, kilisukumwa na maseneta wengine, wa mbele kabisa akiwa Sam Brownback wa jimbo la Kansas. Sheria ambayo Obama aliipeleka mwenyewe katika Seneti, yenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo katika kichwa chake, ni nyingine. Ni ya mwaka 2006, na ni wachache wanaoitaja Goma ao Bukavu.

Obama aliingia Seneti ya Marekani Januari 2005, akitokea Seneti ya jimbo la Illinois alikokuwa tangu 1997. Alikuwa mgeni, na chama chake cha Demokrate kilikuwa upande wa wachache. Seneta wa namna hiyo kwa kawaida anaongeza tu jina lake kwenye miswada ya wakubwa. Yeye alifanya kazi na Warepublika: na Tom Coburn juu ya sheria ya kuonyesha wazi pesa za serikali zinakokwenda, na Richard Lugar juu ya silaha zilizozagaa duniani. Lakini muswada S. 2125, aliouweka mezani Desemba 2005, ulikuwa wake. Brownback aliuunga mkono, pamoja na Dick Durbin, mwenzake wa Illinois. Seneti iliupitisha Juni 2006, Baraza la Wawakilishi likafuata Desemba, na George W. Bush akatia sahihi tarehe 22 Desemba 2006. Ikawa sheria nambari 109-456, ya kwanza kupita Obama akiwa ndiye aliyeipeleka. Miezi miwili baadaye alitangaza kwamba anagombea urais, na Novemba 2008 akatoka Seneti. Kwa hiyo ukitafuta kazi ya Obama kama mtunga sheria wa inchi yake, unakuta Congo karibu na mlango.

Sheria hiyo ilisema nini? Iliweka msaada usiopungua dola milioni 52 kwa mwaka. Iliitaka serikali ya Marekani isaidie uchaguzi, jeshi lililo moja na lenye nidhamu, mapambano dhidi ya ubakaji, na usimamizi bora wa madini. Ilishauri rais ateue mjumbe maalum kwa Maziwa Makuu. Hayo yote ni mazuri, na miswada mingi ya aina hiyo inayasema. Kitu chenye meno kiko katika kifungu cha 105: waziri wa mambo ya inje wa Marekani anaruhusiwa kuzuia msaada kwa serikali yoyote ya kigeni akiona inafanya vitendo vya kuvuruga usalama wa Congo. Msaada wa kibinadamu, wa kulinda amani na wa kupambana na ugaidi hauguswi. Mengine yote yanaweza kukatwa.

Neno ni hilo: anaruhusiwa. Halikuandikwa “analazimika”. Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna ripoti ambayo ikifika mezani inamfunga mikono waziri. Ni yeye anayeona, ni yeye anayeamua, na akiamua kunyamaza hakuna anayemuuliza.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2012. Aliyeandika sheria ndiye aliyekuwa rais, na Hillary Clinton ndiye aliyekuwa na kalamu ya kifungu cha 105. Mwezi Juni wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwa urefu namna Rwanda ilivyosaidia waasi wa M23. Kigali ilikana. Mwezi Julai Washington ilikata dola 200,000 za msaada wa kijeshi, wakati Rwanda ilikuwa inapokea kutoka Marekani zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Na hata kwa kiasi hicho kidogo, sheria iliyotumika ilikuwa ya bajeti ya mwaka, si ile ya 2006. Tarehe 20 Novemba M23 iliingia Goma. Obama alimpigia simu Paul Kagame karibu mwezi mmoja baadaye, tarehe 18 Desemba.

Mjumbe maalum mwenye uzito alifika Juni 2013, Russ Feingold, naye seneta wa zamani. Wakati huo inchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimekwisha kusimamisha sehemu ya misaada yao kwa Kigali. Novemba mwaka huo M23 ilishindwa. Jeshi la Congo na kikosi maalum cha Umoja wa Mataifa walipigana, hilo lisisahauliwe, lakini walipigana na adui ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kubaki wazi. Shinikizo la pesa linafanya kazi likitumiwa.

Hapo ndipo sheria hizi mbili zinapochoma moyo zikiwekwa pamoja. Ile ya 2010 iliwalazimisha wafanyabiashara: kampuni zilipaswa kutangaza zinatumia madini ya Congo ama hapana, na nyingi zikaona njia rahisi ni kukaa mbali. (Kufungwa kwa machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, kuliamuliwa Kinshasa na Joseph Kabila, ila mgongo wa Obama ulibebeshwa hata huo mzigo.) Ile ya 2006 ililenga serikali, ikawaachia mawaziri hiari. Matokeo yake, mwenye sururu na beleshi aliadhibiwa mara moja. Mwenye jeshi alisubiriwa. Na tangu Aprili 2024 machimbo ya Rubaya, yenye koltani inayotafutwa dunia nzima, yako mikononi mwa M23 iliyorudi.

Goma ilianguka tena mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Marekani ilimwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe tarehe 20 Februari, kisha ikasimamia makubaliano yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kinshasa na Kigali. Kifungu cha 214 cha Katiba ya Congo kinadai mkataba wa amani uidhinishwe kwa sheria. Maana yake maseneta wa Kinshasa nao wana kalamu. Kazi yao si kupiga makofi. Ni kuuliza mstari kwa mstari nani analazimika, kwa tarehe gani, na nini kinamfika akikataa. Wakikubali maandishi yaliyojaa “anaweza” na “anashauriwa”, watakuwa wameidhinisha kitu ambacho wakaaji wa Kivu wamekwisha kukiona tangu 2006.

Sheria 109-456 haijafutwa. Ruhusa ya kifungu cha 105 iko leo mikononi mwa Marco Rubio, waziri wa mambo ya inje, ambaye alikaa Seneti miaka 14 kabla ya kupata kazi hiyo. Alikuwa ameketi kati ya mawaziri wawili siku ile ya Juni walipotia sahihi. Kuitumia hahitaji kura ya Bunge wala mkutano mwingine wa wakuu wa inchi.