Wagosi wa Kaya, pandeni Lushoto

Wadau, nimerudi juzi kutoka Lushoto. Nilienda kwa shughuli nyingine kabisa, lakini kilichonibaki kichwani ni dogo mmoja wa kidato cha tatu niliyemkuta Soni akicheza beki wa kushoto, kwenye uwanja ulioinamia upande mmoja kama vilivyo vingi kule milimani. Mpira kwenye mteremko hautulii. Kwake ulitulia. Anainua kichwa, anaangalia, ndipo anatoa pasi. Nikamuuliza mwalimu wa michezo kama kuna klabu imewahi kuja kuwatazama vijana wake. Akacheka. "Nani apande huku, kaka?"

Jamani, tunajidanganya kwamba UMISSETA inatosha. Shule, wilaya, mkoa, hadi taifa. Ni njia nzuri na wengi wamepita humo. Lakini mchujo ni wa siku chache. Dogo akiugua wiki hiyo, au nyumbani wakikosa nauli, au kocha akiwa anatafuta warefu tu, mwaka umekwisha. Akimaliza kidato cha nne anashuka Dar kutafuta maisha au anabaki kulima kabichi, na hakuna anayejua tumepoteza nini.

Simba na Yanga siwalaumu, wana fedha za kununua aliyeiva. Nawasema wadogo. Coastal Union, mabingwa wa Bara mwaka 1988, na African Sports wako Tanga mjini, mkoa mmoja na Lushoto. Kwa fedha hawawezi kushindana na mtu. Mnamkumbuka Abdul Suleiman 'Sopu'? Fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 aliwafunga Yanga mabao matatu, mechi ikaisha 3-3, Coastal wakalala kwa penalti. Msimu uliofuata Sopu yuko Azam. Klabu ndogo ndivyo inavyoishi, kwa hiyo nafuu yake ni kumpata mchezaji mapema na kumsajili. Tena kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Ila wanaangalia kumbukumbu za usajili, siyo porojo za "huyu tulimwona sisi kwanza".

Gharama yenyewe? Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, kona tupu. Mtu mmoja mwenye jicho, daftari na nauli ya basi. Azoeane na walimu wa Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, amtazame kijana mara tano siyo mara moja. Akimpenda, aanze kwa wazazi, na aende na mpango wa shule mkononi, maana wengi hawafiki Ligi Kuu na cheti watakihitaji.

Yule dogo wa Soni amebakiza kama mwaka mmoja na nusu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Nimemwachia mwalimu namba yangu ya simu, lakini mimi ni mwandishi tu, sina timu.